Sura ya Saba: Kijiko cha Mwambani

Anayenunua ekskaveta iliyotumika huanza na vya juu: rangi, kebini, kiti, saa zilizoandikwa kwenye mita. Anapanda, anawasha, injini inanguruma, moshi hauonekani, roho inatulia. Kama mashine ni ya kuchimba mitaro kwenye udongo laini, huenda akapona. Kama inakwenda mwambani, basi ameangalia pale ambapo uharibifu hufika mwisho. Mwamba huila mashine kuanzia chini na mbele: cheni, rola, meno, pini, bumu, halafu mafuta ya haidroliki, halafu pampu. Injini mara nyingi ndiyo ya mwisho kufa. Kwa hiyo katika sura hii tutakwenda kinyume na desturi ya yadi. Tutaanza na jiwe, tushuke kwenye cheni, na kufika kwenye injini tukiwa tumeshajua kama kuna haja ya kuiwasha.

Jiwe kwanza

Mkandarasi wa Mwanza na mkandarasi wa Kunduchi wote watakuambia wanachimba mawe, lakini hawazungumzii kitu kimoja. Majabali yaliyopandana kwenye vilima vya Mwanza, mpaka lile la Bismarck lililosimama ziwani, ni itale la kale sana, lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ndani yake mna kwatsi nyingi, madini meupe yanayoweza kukwaruza kioo, na hayo ndiyo yanayomaliza meno ya baketi. Mawe ya Kunduchi, ya Unguja na ya Bamburi kule Mombasa ni matumbawe ya zamani, chokaa iliyoachwa na bahari. Ni laini ukilinganisha na itale, lakini yana vishimo na mapango, na opereta asiyelijua hilo anaweza kuegesha tani 20 juu ya dari ya pango. Nairobi nako, chini ya ule udongo mweusi unaonata kwenye buti, mna fonolaiti, jiwe la volkano ambalo limewatia hasara wengi waliokadiria bei ya kuchimba msingi kwa kuangalia uso wa kiwanja tu.

Kipo kipimo kisichohitaji maabara. Chukua nyundo ya mkono yenye ncha, na kipande cha jiwe kilichotoka shimoni, si kile kilicholala juani miaka na miaka. Wahandisi wa miamba wana ngazi yao inayopanda kutoka R0 hadi R6. Jiwe likibomoka kwa ncha ya nyundo, ni R1. Ncha ikiacha kishimo kidogo tu, R2. Likivunjika kwa pigo moja la nguvu, R3, yaani uwezo wake wa kuhimili mgandamizo ni kati ya megapaskali 25 na 50. Likidai zaidi ya pigo moja, R4, megapaskali 50 hadi 100. Likidai mapigo mengi, R5, 100 hadi 250, na itale zima lisilooza huangukia hapo. Ukipiga na kupata vibanzi tu, hiyo ni R6, na mkono wako utakuwa umeshakuambia.

Ugumu wa kipande peke yake hautoshi. Shuka shimoni ukaangalie nyufa. Itale la R5 lenye nyufa kila nusu mita linaweza kung'olewa vipande vipande kwa jino moja la kupasulia linalofungwa mahali pa baketi. Itale hilohilo lisilo na ufa kwa mita 2 au 3 litamchosha opereta, litaichosha nyundo ya haidroliki ya mashine, litaichosha na benki iliyokukopesha. Pima umbali wa ufa hadi ufa kwa futi kamba, mahali zaidi ya pamoja, uandike. Angalia pia nyufa zinalala upande gani, kwa sababu mwamba uliolala kama mbao zilizopangwa hung'oka kirahisi ukiingizia jino chini ya tabaka, na hukataa kabisa ukiushambulia kutoka juu.

Baada ya hapo hesabu inakuwa wazi. R1, R2, na R3 yenye nyufa za karibu: baketi ya mwamba na jino la kupasulia vinatosha, nyundo iwe ya akiba. R3 ngumu na R4: hapo nyundo ndiyo kazi. R5 isiyo na nyufa: kazi kubwa ni ya baruti, na nyundo inabaki kupasua mabonge yaliyokataa kupita kwenye mashine ya kokoto. Baruti ina sheria yake na vibali vyake, na katikati ya makazi ya watu mara nyingi haikubaliki, ndiyo maana mijini unaisikia nyundo ikigonga kutwa hata pale isipofaa. Lakini aliyeingia mkataba wa kuvunja itale zima kwa nyundo peke yake, kwa bei ya mita ya ujazo, ajue kwamba amejiajiri kwa muuza spea.

Tani ngapi

Kwenye yadi za Dar es Salaam au Mombasa utakutana zaidi na kundi la tani 20: Komatsu PC200, Caterpillar 320, Hitachi ZX200 na wenzao. Kundi hili linapendwa kwa haki. Spea zake zipo, mafundi wanalijua, na likikosa kazi ya mawe linakwenda kuchimba mashimo ya choo, mitaro au moramu bila kununa. PC200-8, kwa mfano, ina nguvu ya farasi 148, na ncha ya jino la baketi yake inang'oa kwa nguvu ya takriban tani 15.

Nguvu hiyo ya ncha ndiyo inayong'oa jiwe. Ujazo wa baketi ni habari ya udongo. Wauzaji hupenda kusifia baketi kubwa, na mnunuzi hupenda kusikia, lakini baketi pana ya udongo ikipelekwa mwambani hugawa nguvu ileile kwa meno mengi, na bati lake jembamba hupinda midomo kabla ya mwezi kuisha. Baketi ya mwamba ni nyembamba, bati lake nene, ina vipande vya chuma kigumu vilivyochomelewa chini na pembeni, na meno yake yamechongoka. Vilevile uliza urefu wa mkono. Mashine hiyohiyo ikiwa na mkono mfupi inang'oa kwa nguvu zaidi, ingawa inafika karibu. Mkono mrefu ni wa kusafisha mito na mabwawa.

Kundi la tani 30, kama PC300 au Cat 330, ni ulimwengu mwingine. PC300-7 ina farasi 242 na inang'oa kwa zaidi ya tani 20. Kwa machimbo ya kokoto au barabara inayokata kilima cha itale, hii ndiyo mashine, na anayepeleka tani 20 huko atalipa tofauti ya bei kwa njia ya pini na pampu. Lakini ina upana wa zaidi ya mita 3, inataka lobedi kubwa na kibali cha mzigo usio wa kawaida kila inapohama, na dizeli yake usiombe. Kama kazi zako ni viwanja vya watu, tuseme mitaa ya Mwanza, leo Nyegezi kesho Buswelu, uhamisho peke yake utakula faida. Mkandarasi mdogo asione haya kubaki kwenye tani 20 na kukataa kazi zinazoizidi.

Paipu za kwenye bumu

Sasa tuko yadini, na kabla hujauliza saa, simama pembeni ya mashine utazame bumu. Kuna mashine zenye paipu mbili nene za chuma zinazopanda kutoka mwilini, kupita juu ya bumu na kuteremka ubavuni mwa mkono mpaka kwenye vali mbili karibu na baketi. Hizo ni paipu za nyundo. Dalali atakuonyesha kwa furaha: "Bosi, hii iko tayari kwa mawe, huna gharama ya kufunga chochote."

Anasema kweli. Ila paipu hizo pia zinakusimulia mashine ilikotoka. Japani, nchi inayotuletea nyingi ya mashine hizi, kuna kazi kubwa ya kubomoa majengo, na huko paipu hizo huendesha nyundo au taya la kutafuna zege. Taya haliichoshi sana mashine. Nyundo inaichosha. Kila pigo linalogonga jiwe hurudi kiasi kwa mwenyewe: kwenye pini, kwenye mishono ya bumu, kwenye ringi ya kuzungukia, kwenye mafuta. Saa 6,000 za baketi kwenye udongo na saa 6,000 ambazo nusu yake ni nyundo ni mashine mbili tofauti, japo mita inaonyesha namba moja.

Utajuaje ilikuwa nyundo? Inama chini ya mkono na chini ya bumu, upande unaotazama ardhi. Mashine ya nyundo huwa imedonolewadonolewa rangi na vibanzi vya mawe upande huo, na kama imepakwa rangi upya utaviona vishimo vidogo chini ya rangi. Tazama kioo cha mbele cha kebini kama kimebadilishwa, au kama kuna alama za bolti za wavu wa kukinga. Tazama kanyagio la nyundo pale miguuni mwa opereta: mpira wake ukiwa umelika zaidi kuliko wa kanyagio za kutembelea, umeshapata jibu.

Mimi, nikiwa na mashine mbili za bei moja, moja ina paipu na alama za nyundo, nyingine haina paipu kabisa, nachukua isiyo na paipu na kulipa fundi azifunge. Paipu na vali ni gharama inayojulikana mapema. Pampu iliyochoka haijulikani mpaka siku ya kazi.

Chini ya mashine

Cheni na kila kinachozunguka nayo ndiyo sehemu inayokula fedha nyingi kuliko zote katika maisha ya ekskaveta. Wenye mitambo huihesabia karibu nusu ya gharama ya matengenezo. Mwambani inakwisha upesi zaidi, kwa hiyo vaa ovaroli, ulale chini.

Beba futi. Chagua sehemu ya juu ya cheni iliyokaza, pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya nne mbele yake. Yapo mapengo manne ya viungo. Kwa PC200 na Cat 320, kiungo kipya kina milimita 190 na ushei, kwa hiyo mapengo manne yanatoa kama milimita 761. Kila kiungo kikirefuka kwa milimita 4, cheni imefika mwisho: utasoma karibu 777. Ukisoma 769, umenunua nusu ya cheni, na bei ishuke kwa hesabu hiyohiyo. Pima kulia na kushoto. Pima mahali pawili kila upande, kwa sababu wapo wanaochanganya vipande vya cheni mbili.

Kisha hesabu viatu. PC200-7 ya kawaida ina viatu 45 kila upande. Yenye kitako kirefu, inayoandikwa LC, ina 49. Ukikuta 44, kuna mtu alitoa kiungo ili cheni iliyorefuka ionekane imekaza. Ujanja mwingine ni kusukuma aidla mbele kwa kujaza grisi kwenye silinda ya kukazia. Tazama aidla imesogea kiasi gani ndani ya reli yake. Ikiwa iko mbele kabisa, hakuna nafasi iliyobaki ya kukaza, hata cheni ikionekana nzuri.

Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka, bushi za cheni zimekwisha upande mmoja. Rola zipitie moja moja: yenye unyevu wa mafuta kwenye ukingo inavuja, na rola inayovuja mwambani haina wiki nyingi. Upana wa viatu nao uutazame. Milimita 600 ni sawa, chini ya hapo ni bora zaidi kwa jiwe. Mashine yenye viatu vya milimita 800 ilinunuliwa kwa ajili ya tope. Ukiipandisha kwenye majabali, ncha za viatu hukanyaga hewani, kiatu hupinda, bolti hukatika na pini hulegea. Muuzaji atakuambia viatu vipana vinaipa mashine utulivu. Kwenye mpunga, ndiyo.

Bumu, mkono na rangi mpya

Rangi mpya si kosa. Mashine nyingi hupakwa ili zipate mteja, na mimi mwenyewe nisingeweka yadini mashine iliyopauka. Tatizo ni mahali rangi ilipo nene kuliko kwingine. Pitisha kiganja kwenye mishono ya kuchomelea: mguu wa bumu pale inapoungana na mwili, mgongo wa bumu pale silinda za kunyanyulia zinapofungwa, na shingo pale mkono unapoanza. Ukigusa mstari uliovimba usio sawa na mwenzake wa upande wa pili, au bati la ziada lililobandikwa, hapo palipasuka. Bati lililochomelewa na fundi mzuri linaweza kudumu miaka, lakini liingie kwenye bei. Ufa ulio wazi, wenye kutu nyembamba inayotoka ndani, ni sababu ya kuondoka.

Pini na bushi utazipima mashine ikiwa imewashwa. Mwombe opereta aguse ardhi kwa baketi, halafu anyanyue na kushusha bumu kidogo kidogo, kiasi cha kukaza na kulegeza tu. Wewe simama pembeni, kwa usalama, utazame viungo. Kila mahali chuma kinapohama kabla ya kingine kufuata, pana nafasi. Nafasi kidogo kwenye baketi ni kawaida. Nafasi kwenye mguu wa bumu ni kazi ya karakana yenye mashine ya kutoboa na kujaza matundu, na si kila mji una karakana hiyo.

Jaribio hilohilo linafaa kwa ringi ya kuzungukia, ile inayobeba mwili wote juu ya cheni. Baketi ikisukuma ardhi hadi mbele ya mashine inyanyuke kidogo, tazama pengo kati ya mwili na ringi. Likifunguka na kufunga huku ukisikia mlio wa kugota, achana nayo. Ringi ya mashine ya tani 20 kuibadilisha ni lazima unyanyue mwili mzima kwa kreni.

Mafuta yanasema zaidi ya mita

Mita ya saa hubadilishwa na kijana mwenye bisibisi. Zile mashine zenye kompyuta huwa zimehifadhi saa zao ndani, na fundi mwenye kifaa cha kusomea anaweza kulinganisha. Kama huna fundi huyo, mafuta yatakusaidia.

Fika yadini asubuhi bila kutoa taarifa. Gusa injini kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa ya moto, mwenyeji amekutangulia kuiamsha, na umeikosa nafasi ya kuiona ikiwashwa baridi. Omba urudi kesho. Ikiwa ya baridi, iwashe, iache ipate moto, halafu ifanye kazi ya kweli kwa angalau saa nzima. Dakika tano za kunyanyua baketi hewani hazikuonyeshi kitu, kwa sababu pampu iliyochoka hufanya kazi vizuri mafuta yakiwa mazito. Yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapenya kwenye nafasi zilizolika, na hapo ndipo mashine inaanza kulegea: bumu inapanda polepole, ukizungusha na kunyanyua kwa pamoja kimoja kinasimama kumsubiri mwenzake. Ipe njia iliyonyooka pia. Ikitembea na kuvutia upande mmoja, mota ya upande huo au pampu inayoilisha ina neno.

Kisha jaza baketi mawe, nyoosha mkono, nyanyua bumu mpaka baketi iwe kimo cha mtu, zima injini. Weka alama kwenye fimbo ya silinda kwa chaki na usubiri dakika tano. Kushuka kidogo kunasameheka. Ikishuka kwa kasi ya kuonekana kwa macho, sili za silinda au vali kuu zinavuja ndani.

Mwisho, lipia filta. Mwambie muuzaji utamnunulia filta mpya ya haidroliki, na unataka ile ya zamani ifunguliwe mbele yako. Fundi aikate kwa kikatio cha filta, si kwa msumeno unaoacha chembe zake, aikunjue juu ya karatasi nyeupe palipo na jua. Vumbi jeusi laini ni uzee wa kawaida. Vipande vya mpira ni sili zinazokatika. Chembe za njano zinazometameta ni shaba, na shaba inatoka kwenye vikombe vya pistoni za pampu au mota: pampu imeanza kujila. Muuzaji anayekataa filta ikatwe, wakati mpya inalipwa na wewe, ameshajibu swali lako.

Kwa nini tunang'ang'ania mafuta hivi? Kwa sababu nyundo huyachafua na kuyachemsha kuliko kazi nyingine yoyote. Mafuta ambayo kwa baketi yangedumu saa elfu kadhaa, kwa nyundo ya kutwa watengenezaji hutaka yabadilishwe baada ya saa mia kadhaa tu, na filta mapema zaidi. Mmiliki aliyepita kama hakulijua hilo, au alilijua akaona ghali, pampu unayoinunua imekunywa mchanga wa chuma kwa miaka.

Injini, na mwaka wa mashine

Injini inapimwa na kila mtu, kwa hiyo sitakaa hapa. Fungua kifuniko cha kujazia oili ikiwa inanguruma. Mvuke mwepesi ni sawa, moshi unaosukuma kwa mapigo ni ringi za pistoni. Moshi wa bluu ni oili, mweupe usiokoma ni dizeli isiyoungua au maji, mweusi chini ya mzigo ni hewa au nozeli.

Jambo linalostahili maneno zaidi ni mwaka. Mashine za kizazi cha PC200-7, ZX200 ya kwanza na Cat 320C zina pampu ya dizeli ya kimakanika, na fundi wa dizeli wa mji wowote wa mkoa anaweza kuihudumia. Zilizofuata, PC200-8, ZX200-3 na 320D, zina mfumo wa kielektroniki wenye presha kubwa sana. Zinakula dizeli kwa nidhamu zaidi, lakini hazivumilii maji wala uchafu, na dizeli iliyochotwa kwa ndoo kutoka kwenye pipa ni sumu kwazo. Mmiliki anunue kichujio cha kutenganisha maji kabla hajanunua fulana za kampuni.

Halafu kuna zile za 2011 na kuendelea zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya, Marekani na Japani, zenye kichujio cha moshi na baadhi zikitumia maji ya urea. Zinahitaji dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 katika milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilikuwa sehemu 50. Kwa dizeli ya namna hiyo zitafanya kazi, kisha kichujio kitaziba, taa zitawaka, nguvu itapunguzwa na kompyuta yenyewe, na utaanza kutafuta kijana wa kuifuta programu inayosimamia kichujio hicho. Kama huna mtu huyo na huna uhakika na mafuta, mashine ya zamani kidogo ni ya kisasa zaidi kwako.

Nyundo yenyewe

Nyundo nyingi zilizotumika huuzwa pamoja na mashine, zikiwa zimepakwa rangi hadi zinang'aa. Ipime peke yake. Kwa mashine ya tani 20 inayofaa ni ya tani 1.5 hadi 2, yenye patasi ya unene wa kama milimita 135 au 140. Ya milimita 155 ni ya tani 28 na zaidi. Ukiifunga kwenye tani 20 kwa tamaa, itapiga kwa nguvu kweli, na bumu itapasuka kwa nguvu hiyohiyo.

Sukuma patasi kushoto na kulia kwa mtaimbo. Ikicheza sana, bushi zake zimekwisha na pistoni inaipiga upande, jambo linalovunja patasi na kukwaruza pistoni. Kagua zile bolti ndefu nne zinazoishika nyundo pamoja. Moja ikiwa mpya na tatu za kale, uliza kwa nini ilikatika. Gesi ya naitrojeni iliyo kichwani ipimwe kwa geji yake. Na kabla ya kuunganisha hozi, fundi ahakikishe mambo mawili: kwanza, vali ya kupunguza presha ya mstari wa nyundo imewekwa, kwa sababu mashine inasukuma kama bar 350 na nyundo ya saizi hii hufanya kazi kwa nusu yake hivi, pili, mafuta yanayorudi kutoka kwenye nyundo yanakwenda moja kwa moja kwenye tangi kupitia filta yake, bila kupita kwenye vali kuu. Nyundo nyingi zinazosemwa ni mbovu zimefungwa vibaya tu.

Umri wake baada ya hapo uko kwa opereta. Apige kuanzia ukingoni, pale jiwe lina pa kukimbilia, si katikati. Asipige mahali pamoja zaidi ya sekunde 15 hadi 30. Jiwe lisipopasuka ahame, maana ncha ya patasi inapata moto, inalainika na kubutuka. Asiitumie kama mtaimbo wa kubinulia mawe. Asiiache ipige hewani jiwe likishapasuka. Na kila baada ya saa mbili hivi apake grisi ya nyundo, ile nyeusi yenye shaba au grafiti. Grisi ya kawaida inayeyuka na kutiririka kabla ya chai ya saa nne.

Siku ya kununua

Linganisha namba ya bamba la mwilini, namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe na ile iliyo kwenye nyaraka za forodha, herufi kwa herufi. Dai kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, isemwe ndani ya bei au nje yake, kwa maandishi. Malipo ya mwisho yafanyike baada ya mashine kufanya kazi kwa saa kadhaa, ikiwezekana kwenye jiwe na si kwenye kifusi cha yadi.

Kwa anayeanza, mwenye kazi za mchanganyiko na mwamba wa R3 au R4, ningechagua PC200-7, ZX200 au 320C isiyo na paipu za nyundo, cheni ikiwa imebakiza angalau nusu, baketi ya mwamba na jino la kupasulia vikiwa ndani ya bei, na nyundo ningeikodi miezi ya kwanza mpaka nione kazi zinaitaka mara ngapi. Na uende na fundi wako mwenyewe, uliyemtafuta wewe na kumlipa wewe kabla ya kufika yadini, ikiwa ni pamoja na nauli yake na siku yake, hata kama siku hiyo hamtanunua kitu.